Namna ya Kuunganisha Friza ya Biashara na Intaneti, na Mahusiano Yanayobadilika Baada ya Hapo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara mwenye friza moja au kadhaa za samaki, nyama, maziwa au dawa, ambaye anataka kujua hali ya bidhaa zake hata anapokuwa mbali na duka. Friza imechaguliwa kwa makusudi. Mwaka 1982, katika idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon jijini Pittsburgh, Marekani, mashine ya kuuzia Coca-Cola iliunganishwa na mtandao wa chuo ili mtu aliyekaa ofisini ajue, kabla hajanyanyuka, kama chupa zipo na kama zimeshapoa. Swali hilo ndilo analojiuliza muuza vibua wa soko la Feri, Dar es Salaam, umeme unapokatika usiku. Tofauti ni kwamba jibu lake sasa linaweza kupatikana kwa vifaa ambavyo fundi wa elektroniki wa Kariakoo anaviuza kwa bei ya kawaida, na kwamba jibu hilo halimfikii yeye peke yake. Linaweza kumfikia pia mfanyakazi wake, mnunuzi wake, mkopeshaji wake na kampuni iliyomuuzia kifaa. Kufunga kifaa ni kazi ya siku moja, lakini kuamua nani aone nini, na afanye nini baada ya kuona, kunahitaji fikra zaidi. Kwa sababu hiyo mambo hayo mawili yameelezwa hapa kwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote

Andika kwenye karatasi hasara unayotaka kuizuia na mtu atakayeizuia. Sentensi yako iwe na mambo manne: tukio, muda, mtu na tendo. Kwa mfano: joto la friza likipanda juu ya nyuzi 12 chini ya sifuri kwa dakika 40 mfululizo, msimamizi wa zamu atakwenda kuwasha jenereta au kuhamishia samaki kwenye friza ya pili. Ukishindwa kumtaja mtu, usinunue kwanza. Ujumbe unaoingia saa nane usiku kwenye simu ya tajiri aliyesafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo hauokoi kitu, ikiwa ufunguo wa duka uko kwa kijana anayelala Mbagala na simu yake imezimwa. Miradi mingi ya aina hii huharibikia hapo, ingawa lawama hutupiwa mtandao au kifaa.

Sentensi hiyo itakuonyesha pia una muda kiasi gani wa kuchukua hatua. Friza iliyojaa, yenye mpira mzima wa mlango na isiyofunguliwa, inaweza kuhifadhi ubaridi kwa takribani saa 48 bila umeme. Iliyojaa nusu huhifadhi kwa takribani saa 24, na friji ya kawaida kwa kama saa 4 tu. Friza za masokoni, ambazo hufunguliwa kila mteja anapofika na ambazo mipira yake imeshalegea, haziwezi kufikia makadirio hayo. Hata hivyo tofauti kati ya friza na friji inabaki, na inatosha kukuambia kwamba mwenye tani ya samaki walioganda hana sababu ya kukurupuka kila taa zinapozimika, ilhali mwenye duka la dawa lenye insulini anayo. Dawa na chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Baadhi yake, kama chanjo ya homa ya ini aina ya B na zile zenye kinga ya pepopunda, huharibiwa hata na kuganda, kwa hiyo tahadhari ya friji ya dawa lazima iwekwe pande zote mbili, juu na chini.

Kihisi na mahali pake

Kihisi cha joto kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni DS18B20, kijiti kidogo kilichofunikwa kwa chuma cha pua na chenye waya mrefu. Kinapima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125, na kosa lake halizidi nusu nyuzi kikiwa kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 85. Friza ya samaki hufanya kazi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nje ya eneo hilo la usahihi, na juu ya hayo sokoni kuna nakala nyingi zisizo halisi. Kwa hiyo usikiamini kihisi kabla ya kukipima. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza kihisi na usubiri dakika chache. Kinapaswa kusoma sifuri au karibu sana na hapo. Kipimo hicho kinathibitisha usomaji wa sifuri tu, kwa hiyo baadaye kiweke ndani ya friza pamoja na kipimajoto unachokiamini na ulinganishe namba hizo mbili. Tofauti ikiwa ileile kila wakati, programu inaweza kuirekebisha. Ikiwa inabadilikabadilika, tupa kihisi hicho ununue kingine.

Mahali pa kukiweka ni muhimu kuliko bei yake. Kikiwa karibu na mlango kitapiga kelele kila mteja anapohudumiwa, na kikiwa mbele ya feni kitasoma baridi ambayo samaki hawana. Kiweke katikati ya bidhaa, na kwenye friji ncha yake itumbukizwe katika kichupa cha maji ili kisome joto la kitu kilichohifadhiwa badala ya hewa inayopita. Kwenye friza tumia gliserini, kwa kuwa maji yataganda na kupasua kichupa. Waya upite kwenye tundu la kutolea maji au, ukiwa mwembamba na bapa, chini ya mpira wa mlango. Usikubali fundi atoboe ukuta wa friza, kwa sababu mabomba ya gesi katika friza nyingi hupita ndani ya kuta hizo, na tundu moja litageuza friza yako kuwa kabati.

Mawasiliano, na maana ya ukimya

Kihisi huunganishwa na bodi yenye kichakataji na redio. Iliyoenea sana ni ESP32, inayotengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai na iliyoingia sokoni mwaka 2016, ikiwa na Wi-Fi na Bluetooth ndani yake. Fundi mwenye ujuzi wa wastani anaweza kuiprogramu. Asiye na fundi anunue kifaa kilichokamilika, ila asome sehemu ya mikataba iliyo chini kabla ya kulipa.

Wi-Fi ya dukani ina kasoro moja kubwa: ruta huzimika pamoja na friza. Umeme unapokatika, kifaa ambacho kazi yake ni kutoa taarifa ya kukatika huko kinakuwa kimekatiwa njia ya kuitoa. Suluhisho ni kuipa ruta betri ya akiba, au kutumia kifaa chenye laini ya simu na betri yake chenyewe. Betri ikae nje ya friza, kwa kuwa betri za lithiamu huharibika zikichajiwa kwenye joto lililo chini ya sifuri, na antena nayo ikae nje, kwani bati la friza huzuia mawimbi. Mtandao wa 2G, ambao watu wengi wameuacha kwenye simu zao, unatosha kabisa kwa kazi hii na umeenea hata vijijini. Hesabu yake ni hii: ujumbe mmoja kila dakika 10 ni ujumbe 144 kwa siku na 4,320 kwa mwezi wa siku 30. Hata ukikadiria kilobaiti 1 kwa kila ujumbe, matumizi ni kama megabaiti 4 kwa mwezi. Kinachokula fedha ni vifurushi vinavyoisha muda kabla havijatumika, kwa hiyo tafuta kifurushi cha muda mrefu badala ya kikubwa.

Laini yenyewe isajiliwe kwa jina la kampuni. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na wenye maduka wengi, kwa kutaka wepesi, humwomba mfanyakazi asajili kwa jina lake. Siku mfanyakazi huyo akiondoka kwa ugomvi, friza zako zitakuwa zinazungumza kupitia laini ambayo kisheria ni yake. Anayetaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake apige *106#. Vilevile hakikisha kwamba kifaa chenye redio kimeidhinishwa kutumika nchini. Tanzania mwenye mamlaka hayo ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Sehemu yenye friza nyingi zilizo karibukaribu, kama mwalo au soko la samaki, ni busara kufikiria LoRaWAN, aina ya mawasiliano ya redio ambayo hubeba ujumbe mdogo kwa kilomita kadhaa kwa umeme kidogo sana na kuukusanya kwenye kituo kimoja chenye intaneti. Kwa friza moja hiyo ni gharama isiyo na sababu.

Lipo jambo moja ambalo mnunuzi lazima amuulize muuzaji, na asipopata jibu la kueleweka aondoke: kifaa kikinyamaza, nini kitatokea? Mifumo mingi dhaifu hutoa tahadhari joto linapopanda tu. Betri ikiisha, laini ikifungwa, panya akikata waya au mtu akichomoa plagi, skrini ya simu itaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa, nyuzi 18 chini ya sifuri, na mwenye mali atalala usingizi mzuri. Mfumo unaofaa huhesabu ukimya kuwa tukio: ujumbe usipoingia kwa dakika 30, seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea ujumbe wa kifaa, ndiyo inayopiga simu. Kwa hiyo uamuzi huo ufanywe kwenye seva na usiachiwe kifaa kilichopo dukani.

Tahadhari zinazosikilizwa

Usiweke kikomo siku ya kwanza. Acha kifaa kirekodi kwa wiki moja bila kumsumbua mtu, kisha tazama mchoro wa joto. Friza zinazoyeyusha barafu zenyewe hupandisha joto mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa dakika ishirini au thelathini, bila kuwapo tatizo lolote. Saa za kupokea mzigo nazo huacha alama yake. Kikomo kisichozingatia hayo kitapiga kelele kila siku, na ndani ya muda mfupi watu watakuwa wameizima sauti. Ndiyo maana sentensi ya mwanzo ilitaja muda pamoja na joto. Weka ngazi mbili. Ya kwanza iwe ujumbe mfupi kwa msimamizi. Ya pili iwe simu inayopigwa kwa msimamizi, kisha mlinzi, kisha mwenye mali, hadi mmoja wao apokee na kubonyeza namba ya kuthibitisha. Nisingetegemea WhatsApp kwa ngazi ya pili, kwa kuwa ujumbe wake haumwamshi aliyelala na humhitaji mpokeaji awe na bando.

Baada ya hapo fanya jaribio kamili: chomoa friza kwa makusudi usiku wa siku ya kazi, bila kuwaambia walio zamu isipokuwa mtu mmoja, na upime muda kutoka kuchomolewa hadi mtu kufika mlangoni. Muda huo ndio uwezo halisi wa mfumo wako, hata kama kihisi chake kinasoma sehemu ya kumi ya nyuzi.

Milango unayoifungua

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti ni kompyuta, na wako watu wanaotafuta kompyuta zisizolindwa usiku na mchana. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera za ulinzi na virekodi vya video kwa maelfu mengi kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuwahi kuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya aina hiyo vilielekezwa dhidi ya kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi nchini Marekani hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na Reddit. Wenye kamera hawakujua lolote. Kamera zao ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Uingereza iliweka sheria, inayotumika tangu tarehe 29 Aprili 2024, inayokataza kuuza vifaa vya watumiaji vyenye nenosiri moja la kiwandani linalofanana kwa wote.

Kwa duka dogo, hatua zinazofaa ni chache. Badilisha nenosiri kabla kifaa hakijafungwa ukutani. Tenga Wi-Fi ya vifaa na ile inayotumiwa na kompyuta ya hesabu na mashine za malipo. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni unaofaa kwa kazi hiyo. Ruhusu masasisho ya programu. Kataa kifaa ambacho muuzaji wake hawezi kusema masasisho hayo yatatolewa hadi mwaka gani.

Wafanyakazi

Kihisi cha joto kinaonekana kuwa kitu kisicho na hatia, lakini rekodi yake inaonyesha mlango ulifunguliwa saa ngapi, mara ngapi na wakati wa zamu ya nani. Hapa ndipo uhusiano kazini unapobadilika, na mwenye mali asijidanganye kwamba wafanyakazi hawataligundua hilo. Madereva wa mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania walishapitia mabadiliko ya aina hiyo, pale mabasi yalipofungwa vifaa vinavyoiwezesha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kuona mwendo na mahali yalipo. Kwao kipimo hicho kina manufaa ya wazi kwa abiria na kinasimamiwa na mamlaka ya umma. Dukani hakuna msimamizi wa namna hiyo, na mizani iko mikononi mwa tajiri.

Waeleze wafanyakazi kabla ya kufunga: nini kinapimwa, nani anaona, rekodi inakaa muda gani na haitatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi. Kenya na Uganda zina sheria za aina hiyo tangu 2019, na Rwanda tangu 2021. Mbali na sheria, ipo sababu ya kibiashara. Ukianza kukata mishahara kwa kutumia mchoro wa joto, kihisi kitahamia ndani ya ndoo ya barafu, rekodi itapendeza kuliko zote sokoni, na hutajua lolote kuhusu samaki.

Kifaa ni cha nani

Mkataba wa kifaa kilichounganishwa hautoi umiliki kwa namna ile ambayo risiti ya friza inautoa. Mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ilifunga huduma ya Revolv, kifaa cha kuendeshea taa na milango ya nyumba ambacho wateja walikuwa wamekinunua kwa takribani dola 300. Hakuna kilichoharibika ndani ya vifaa hivyo. Seva ilizimwa, navyo vikawa havina kazi. Muulize muuzaji kama kifaa kitaendelea kurekodi na kulia kwa sauti dukani hata seva yake ikizimwa, na kama unaweza kupakua rekodi zako zote kama jedwali la kawaida.

Upande wa pili wa suala hili umewanufaisha watu wengi Afrika Mashariki. M-KOPA, iliyoanza biashara Kenya mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya mitambo ya umeme wa jua ili mteja alipe kidogo kidogo kwa M-Pesa, na mtambo ujifunge malipo yanapokoma. KopaGas ya Dar es Salaam iliweka mita kwenye mitungi ya gesi ili mpishi anunue gesi ya fedha aliyonayo siku hiyo, kama alivyozoea kununua mkaa wa kopo. Teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 kwa dola milioni 25. Katika mifano yote miwili uwezo wa kufunga kifaa kwa mbali ndio uliomfanya mkopeshaji amwamini mtu asiye na hati ya nyumba. Friza za mkopo zinaweza kuuzwa kwa mtindo huohuo, na anayezichukua aulize jambo ambalo mwenye taa halazimiki kuliuliza: friza ikifungwa ikiwa na samaki ndani, hasara ni ya nani? Nadhani mkataba wa haki hutoa siku kadhaa za onyo na haukati ubaridi papo hapo. Lidai hilo liandikwe.

Rekodi mbele ya mnunuzi

Baada ya miezi michache utakuwa na kitu ambacho majirani zako sokoni hawana, yaani ushahidi wa namna bidhaa zilivyotunzwa. Kwa samaki wa jamii ya jodari na vibua ushahidi huu una uzito, kwa kuwa joto likipanda bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama yao, na sumu hiyo haiondolewi kwa kupika wala kwa kugandisha tena. Mnunuzi wa hoteli hawezi kuiona kwa macho, lakini anaweza kusoma mchoro. Mpe rekodi ya shehena aliyoinunua tu, si nenosiri la mfumo mzima, la sivyo utakuwa umemwonyesha pia una mzigo kiasi gani na unauondoa kwa kasi gani, naye atapanga bei akijua hayo. Msafirishaji naye afungwe na mpango huohuo: kihisi chenye kumbukumbu yake chenyewe kisafiri pamoja na mzigo kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, na isomwe mbele ya pande zote mbili mzigo unaposhushwa. Mabishano ya nani aliacha samaki waoze hupungua sana saa ya tukio inapokuwa imeandikwa.

Siku utakapoiuza friza, au mfanyakazi mwenye akaunti atakapoondoka, futa akaunti hiyo, badilisha nenosiri, toa laini na urudishe kifaa katika hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi. Asipofanyiwa hivyo, mnunuzi atakuwa anaendesha biashara yake huku wewe ukiendelea kupokea joto lake kila baada ya dakika 10.